Posa Niliyoipeleka kwa Wakili

Mwanangu Athmani,

Salamu nimezikata fupi kwa makusudi. Wewe mwenyewe ulinambia kwamba barua ya maana haianzi kwa kutaja jamaa wote mpaka paka wa nyumba, basi wote nimewaacha, na paka pia. Ni wazima. Asiye mzima sana ni mimi, na ugonjwa wangu hauna daktari.

Umekwenda Shela kuwaaga shangazi zako. Mamako Bi Zena yuko jikoni anakutengenezea mikate ya njiani na analia kwa kisingizio cha vitunguu, na leo hakuna aliyemenya kitunguu. Mimi nimeketi dakani, kwenye ubaraza wetu wa mlangoni, pale ninapokaa kila alasiri nikizungumza na mji mzima. Leo nimeupa mji kisogo. Wapitao wananisalimu nawajibu kwa mkono. Jirani yetu Mzee Shee amesimama, akanitazama, akauliza, "Omari, una jino bovu?"

Mambo ya mafuta ya nywele, ya kanzu ipi ni ya Ijumaa, na ya nani wa kumkwepa kule Mombasa, Bi Zena amekwisha kukuhusia mpaka umechoka. Sirudii. Mimi nina neno moja tu. Lakini unanijua, neno langu moja halijapata kutembea peke yake.

Juzi ulipokuwa ukilifunga kamba sanduku lako, ulinambia bila kuniangalia, "Ami, siku ya safari usije forodhani."

Nikacheka. Nikakuuliza, "Nisije mimi? Na nani atakukabidhi kwa nahodha?"

"Nitajikabidhi."

"Mtu hajikabidhi, Athmani. Mzigo haujibebi."

Hapo ndipo ulipoinua uso. "Ukija utasema, Ami. Nawe ukisema, mimi ndiye ninayebaki na maneno yako shingoni."

Bi Zena aliacha kupeta mchele. Mimi nimetukanwa na watu wakubwa, mwanangu. Nimefukuzwa na Bwana DC kwa mjeledi wa farasi. Farasi hakuwapo, lakini mjeledi ulikuwapo. Hakuna lililoniingia kama hilo lako, kwa sababu wale wengine wote walikuwa wakinisingizia.

Unajua nilivyo. Katika mji huu wa Lamu mimi ni dalali wa boriti kwa mkono mmoja na mshenga kwa mkono wa pili, na mkono wa pili ndio wenye nguvu. Kusoma sikusoma sana. Nilifika juzuu chache chuoni, na skuli mwalimu alinitoa kwa kuzungumza. Lakini nyumba za Amu zilizooana kwa ulimi wangu, ukiziondoa, hapa patabaki wajane na punda. Ni mimi niliyemwoza yule bwana wa jicho moja. Baba wa binti aliponiuliza habari ya jicho la pili nikamwambia, "Hilo amelifumba kwa haya, halitafunguka mpaka amwone mkewe." Akapewa mke. Mpaka leo mkewe anangoja.

Hiyo ndiyo kazi yangu, kumsemea mtu yale ambayo mwenyewe angeona haya kuyasema. Baba yako, ndugu yangu, Mungu amrehemu, alikuwa kinyume changu. Maneno yake yalikuwa machache, tena mengine alirudi nayo nyumbani hajayatumia. Homa ilipomchukua wewe ulikuwa hujaota meno ya pili, na shamba lake la Kililana likabaki mikononi mwangu nikulindie.

Lilivyopotea unajua, na mji mzima unajua. Nataka tu ulisikie leo kwa mdomo uliofanya kazi hiyo.

Jirani wa shamba alikuwa akisogeza ua wake mwaka hata mwaka mpaka ukaingia kwenye mikorosho ya baba yako. Tukaenda kortini. Kesi ilikuwa yetu, Athmani. Mashahidi walikuwa nje wanangoja kuitwa. Mimi nikavaa joho. Hakimu aliyeletwa kutoka Mombasa alikaa chini ya picha ya Mfalme (siku hizi nasikia wametundika ya Malkia), akaniuliza kwa upole kabisa, "Mpaka wa shamba lenu uko wapi?"

Sikuwa nikiujua. Kililana nilikuwa nikienda kunywa madafu, sikwenda kupima ardhi. Ningemwambia hivyo, angewaita mashahidi, na mambo yangekwisha. Lakini korti ilikuwa imejaa, watu wa kisiwani na watu wa bara, wote wanangoja Omari atasema nini. Nikasimama nikasema, "Bwana Hakimu, shamba letu linaanza pwani na linakwisha pale macho yanapochoka."

Watu walipiga makofi. Wallahi walipiga. Hakimu hakupiga, aliandika. Kisha akasoma kwamba mdai haujui mpaka wake mwenyewe, na kwa hiyo mwenye ua ndiye mwenye mpaka. Vijana waliyapenda mno maneno yangu wakanibeba begani kutoka kortini, na nilikuwa nimekwisha kufika mlangoni kwetu ndipo nilipokumbuka kwamba nimeshindwa.

Wewe ulikuwa chuoni. Uliporudi ulinikuta nikiisimulia habari ile kwa watu, ukakaa, ukangoja nimalize, ukauliza, "Kwani Ami, mpaka ulikuwa wapi?" Nikakupa kashata unyamaze. Uliila, lakini ulikuwa bado unanitazama. Nadhani uwakili wako ulianza siku hiyo.

Kwa hiyo ulipomaliza skuli Mombasa ukarudi ukasema unataka kuandikiana mkataba na wakili, ujifunze kazi chini yake kwa miaka kisha ukafanye mtihani, mimi sikushangaa. Nilitoka hapo hapo nikautangazia mji kwamba umekwisha kuwa jaji. Wewe ukakaa ukaandika barua. Kila ofisi ya uwakili uliyoisikia uliiandikia, kwa Kiingereza, karatasi moja hata haikujaa. Nikakwambia unisomee. Uliposoma nilisikitika.

"Hii ni barua au ni tusi?" nikakuuliza. "Hujamuuliza mtu hali, hujamwombea dua, hujamwambia wewe ni mwana wa nani."

"Hawana haja ya mwana wa nani, Ami. Wanataka kujua nimesoma nini."

"Huku ni kuingia nyumba ya watu bila hodi ukafunua chungu."

Ukacheka, ukabandika stempu.

Kisha zikaja zile siku za posta. Kila mfuko wa barua za Mombasa ulipoingia ulipangusa viatu ukaondoka, na kurudi ulirudi kwa kichochoro cha nyuma usipite mbele yangu. Ofisi moja ilisema imejaa. Nyingine ilitaka kijana ajuaye Kigujarati kwa ajili ya wateja wake. Nyingine ilikurudishia cheti chako cha skuli bila hata neno, na hiyo ndiyo iliyokuvunja. Ulilala mchana kutwa, wewe usiyelala mchana. Nyingine hazikujibu kabisa. Nilikuona unakonda. Na mimi sikuumbwa kumtazama mtu akikonda nikakaa kimya.

Ndipo nilipoipeleka posa.

Nitaiitaje tena? Mshenga ana njia moja. Nilinunua sinia zima la halua, nikatia tambuu na ubani, nikalitoa joho lile lile, nikamchukua Mzee Shee kwa sababu ndevu zake zinaheshimika, tukaenda Mombasa kwa mmoja wa mawakili wasiojibu. Wewe nikakuacha nyumbani kama ilivyo ada. Kijana hajiposei. Akienda mwenyewe watu husema hana wazee, au hana haya.

Karani wa mlangoni akauliza, "Mna miadi?"

Nikamjibu, "Mgeni hana miadi. Mgeni ana salamu." Tukaingia, halua ikitangulia.

Wakili alikuwa mtu mfupi wa miwani, Mhindi mzaliwa wa Mombasa, Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Akasimama kwa adabu. Nikaanza. Athmani, nilisema siku ile kama sijapata kusema! Nilimpa nasaba yako mpaka babu wa saba. Akaniuliza kama unajua kupiga taipu. Nikamwambia, "Gizani." Akaniuliza kama unajua Kigujarati. Nikamwambia, "Anaota kwa Kigujarati." Mzee Shee akanikanyaga mguu, nami nikadhani ananitia moyo.

Wakili akavua miwani. "Na kijana mwenyewe yuko wapi?"

"Kijana wa nyumba njema hukaa kwao akingoja jawabu."

"Mzee wangu," akasema, "mimi nina nafasi moja. Mwambie aje mwenyewe nimwone, na aje upesi. Na hiyo halua mwondoke nayo. Hii ni ofisi ya sheria, watu watasema tunalishwa." Karani akalichukua sinia akalipeleka nje kwa mikono iliyonyooka, kama abebaye nguo ya mtoto iliyochafuka.

Sasa sikiliza nilivyofahamu mimi, maana jambo liliharibikia hapo. Katika posa, baba wa binti hakubali siku ya kwanza. Hununa. Husema mleteni huyo kijana tumwone, husema zawadi zenu rudini nazo. Hiyo ndiyo heshima ya nyumba yake. Mshenga mjinga hukasirika. Mshenga hodari huitikia naam, hurudi kwao, hungoja, kwa sababu kulifuata jawabu ni kuonyesha njaa. Mimi nimeoza nusu ya Amu kwa kungoja. Wakili alipoirudisha halua nilifurahi, nikamwambia Mzee Shee njiani, "Hii imeshika." Nikarudi nikakwambia, "Tumepokewa vizuri mno. Kaa tuli. Wataleta mtu."

Ukataka kwenda mwenyewe, nikakukataza. Ukanitii. Hilo ndilo linaloniuma, mwanangu, kwamba ulinitii. Maulidi yakaja, mji ukajaa wageni, wageni wakaondoka, nawe umekaa ndani tuli kama mwali, unangoja mtu wa wakili.

Mzee Shee alikuwa amekwenda Pate kwa binti yake. Aliporudi alipita hapa dakani akanikuta na watu wangu, wewe unatumiminia kahawa. Akasimama na bakora yake.

"Mpaka yeo uko hapa?" akakuuliza. "Hukwenda?"

"Kwenda wapi, Babu?"

"Kwa wakili! Si alisema uende mwenyewe, tena upesi? Omari, hukumwambia mwana?"

Nikamwambia, "Mzee Shee, yale yalikuwa maneno ya ada. Baba wa binti siku ya kwanza..."

"Binti gani?" akasema Mzee Shee. "Yule ni wakili, Omari! Akisema aje, maana yake aje!"

Mmoja akacheka, kisha wote. Mpaka leo vijana wakinipita hapa huambiana, "Baba wa binti amenuna." Wewe hukucheka. Uliliweka dele la kahawa chini taratibu, hukumwaga hata tone, ukaingia ndani. Asubuhi yake hukuwapo, umekwenda Mombasa.

Nafasi ilikuwa imekwisha kupewa kijana mwingine. Wakili alikungoja, akachoka, akaandikiana na huyo. Hata hivyo hakukufukuza. Amekupa kiti kando ya karani wake, bila mshahara, kwa miezi ya majaribio. Ukimridhisha, na nafasi nyingine ikipatikana, ataandika mkataba nawe. Usipomridhisha, utarudi kwenu. Hicho ndicho unachokiendea kesho, kiti cha kuazima, katika ofisi ambayo kiti kilikuwa chako.

Haya hukunisimulia mimi. Ulimsimulia Bi Zena, na Bi Zena hafichi kitu kilichompendeza. Alinambia kwamba wakili alikuuliza habari ya taipu, ukasema unapiga kidogo, kwa vidole viwili. Akakuuliza Kigujarati, ukasema, "Sijui." Akakwambia, "Mzee wako alisema unaota kwa Kigujarati." Kisha ukamwambia, "Ami yangu ni mshenga, bwana. Alikuwa ananiposea." Wakili akacheka mpaka akamwita karani naye asikie. Halafu akakuonyesha kile kiti.

Umri wangu wote nimewasemea watu, Athmani, na sijapata kusemewa. Hukunikana na hukunipamba. Bi Zena aliponambia nilijifanya nakohoa, nikatoka nje, nikakaa hapa hapa nilipo.

Nilitaka pia kukwambia kitu juu ya yule simba wa Kililana. Tangu utoto umesikia nilivyokutana naye kwenye mikorosho nikamsemesha mpaka akalala usingizi. Mara ya mwisho nilipomsimulia alikuwa na mke, wamegombana, nami nikawapatanisha. Umekua ukimwona simba huyo akikua. Basi nilitaka kukwambia, nikashika kalamu, nimeshindwa. Mwache alivyo. Huko uendako watu watakuja mbele ya meza yenu kila mtu na simba wake, na utawajua kwa sababu umelelewa na mmoja wao. Usiwacheke. Mara nyingi nyuma ya simba pana shamba lililopotea.

Nimetafuta nyumba nzima kitu cha kukupa. Joho ni bovu, na bahati yake unaijua. Nimepekua mpaka katika zidaka za ukuta, hamna kitu ila vumbi na kikombe kilichopasuka. Kisha nikakumbuka kwamba liko neno moja ambalo mimi katika nyumba hii sikulitumia hata siku moja, nalo ni *sijui*. Liko jipya kabisa, bado linanukia duka. Ningelivaa siku moja tu, pale mbele ya hakimu, leo ungekuwa mtu mwenye mikorosho yake. Lichukue. Umekwisha kulijaribu kwa wakili na nimesikia limekukaa vizuri.

Huenda mkataba wasikupe. Sikufichi, kwa sababu kufichwa umefichwa vya kutosha na watu waliokupenda. Aliyekutangulia amekutangulia, na kosa si lako. Ikiwa hivyo, rudi, usiuonee haya mji. Aibu ya nyumba hii ni mimi, na mji umekwisha kunizoea. Na wakikupa, ni miaka, mwanangu, na atokaye katika vitabu vile hutoka na masikio mengine. Utakuja siku ya Idi, utakaa hapa, nitasimulia, na utakuwa unauliza moyoni mpaka uko wapi. Nayajua yote mawili. Ninaomba lile litakaloninyang'anya wewe. Bi Zena anaomba jingine, lakini hasemi.

Barua hii naitia ndani ya sanduku, chini ya koti. Utaiona Mombasa.

Kesho alfajiri Bi Zena atasimama mlangoni na msahafu, utapita chini yake. Mimi nitakuwa ndani kabisa, chumba cha mwisho. Nitalisikia sanduku likikwaruza kizingiti, kwa kuwa siku zote linakwaruza hapo na siku zote nilisema nitalitengeneza. Sitatoka. Ujue sijanuna. Nahodha wa mashua ya kukuvusha bara, Mokowe, ataangalia nyuma yako amtafute mzee wa kukukabidhi, na hatamwona mtu. Mwambie ulivyonambia mimi.

Mashua ikishaondoka nitarudi hapa dakani. Nitakwenda wapi tena? Wapitao watauliza, "Mwana yuko wapi?" Nitasema, "Amesafiri." Watangoja niendelee. Watavua viatu, wataketi, watataka wasikie ofisi ina ghorofa ngapi na wakili alikulilia vipi. Nitawamiminia kahawa. Mzee Shee ataniuliza tena habari ya jino. Kisha mmoja wao, hapana budi, atauliza, "Na atarudi lini, Omari?"

Hapo, mwanangu, itabidi uniazime lile neno.

Ami yako,
Omari